Taya la mosasauri nililoagiza mtandaoni: meno ni orijino, taya sasa...

Niende moja kwa moja maana najua mnaosoma hapa mnataka kujua kitu kimoja tu, ni orijino au tunapigwa? Meno orijino kabisa. Taya lenyewe ni mchanga na gundi. Na bado nimeipa nyota tatu, nisikilizeni kwanza.

Kwa wageni wa haya mambo, mosasauri SI dinosauri, tuelewane hapo mapema kwa sababu kila anayeliona pale mezani lazima aseme "eeh, jino la dinosauri hilo". Huyu ni mtambaazi wa baharini, ndugu zake wa karibu walio hai leo ni kenge na nyoka, ila yeye miguu yake iligeuka makasia, mkia ukaota pezi la kuchapia maji, wakubwa wao walipita mita 12, na wakatoweka kipindi kilekile cha dinosauri, miaka milioni 66 iliyopita. Yaani fikiria kenge wa mita 12 yuko baharini na ana njaa. Halafu kama meno ya kwenye taya hayatoshi alikuwa na meno mengine juu kwenye kaakaa, yamepinda kuelekea kooni, samaki akishaingia ndo basi tena.

Sasa bidhaa. Tangazo lilisema "kipande cha taya, meno matatu, Khouribga, Moroko". Khouribga wenzangu mnaijua, kuna migodi mikubwa ya fosfeti, ile inayotengenezewa mbolea, na tabaka zake zamani zilikuwa sakafu ya bahari kwa hiyo wanaochimba wanakutana na meno ya papa na ya mosasauri kwa wingi mno. Wingi huo una sababu, hawa jamaa walikuwa wanabadilisha meno maisha yao yote, moja likichoka linang'oka na jingine limeshaanza kuota, kwa hiyo mnyama mmoja amemwaga meno kibao chini ya bahari. Lakini taya hakuwa nalo la akiba. Ndo maana jino moja moja linauzwa bei ya kawaida tu, na ndo maana ukiona taya na meno yake linauzwa kwa bei ileile ya jino, jua kuna fundi kapita hapo. Mi nililijua hilo wakati naagiza, nilichotaka ni meno na pia nilikuwa na hamu ya kuona fundi kafanya nini.

Kifurushi kilifika salama, wamekifunga vizuri, hapo sina neno.

Nikalitoa, rangi ni ile kahawia-njano ya fosfeti ya Khouribga, meno yanameta, ukilipiga picha kwa mbali linapendeza kweli. Ila ukisogea. Jino la kwanza na la pili yamepinda kurudi nyuma kama inavyotakiwa, la tatu limepinda kuelekea mbele! Jamani. Mosasauri gani huyo anasukuma chakula nje ya mdomo? Nilicheka sana, ingawa fundi asijisikie vibaya, mwaka 1868 Edward Drinker Cope, mwanasayansi mkubwa tu wa Marekani, alimwelezea plesiosauri (mtambaazi mwingine wa baharini wa zamani zile) anayeitwa Elasmosaurus, shingo ndefu ajabu, halafu kichwa akakiweka kwenye mkia. Mpaka mwanasayansi mwenzake, Joseph Leidy, akaja kumrekebisha hadharani. Kwa hiyo kugeuza jino moja si dhambi kubwa.

Ukaguzi wangu wa pili ni ile tochi ya UV, ile ya kukagulia noti bandia. Zima taa, mulika. Sehemu zenye gundi ziling'aa nyeupe-bluu kuzunguka kila jino, na "mfupa" wote ulikuwa na madoa hayohayo, wakati meno yenyewe yalikaa tofauti kabisa. Kwa lenzi ya kukuza unaona punje za mchanga zimeshikana na katikati yake kuna viputo vidogo vya hewa, na mwamba wa kweli hauna viputo vya gundi. Wamechomeka pia vipande vya mifupa ya kweli juu juu ili kunogesha, vimelala kila upande hovyo.

Basi nikaamua kulifumua. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, pamba, na kijiti cha mbao, dirisha wazi na mbali na moto maana asetoni inashika moto haraka kuliko unavyodhani. Gundi hii ilikuwa ya aina inayoyeyuka (kuna ile ngumu inayokuja sehemu mbili unazichanganya, hiyo asetoni haiigusi, ukikutana nayo usilazimishe utavunja jino). Taratiiibu mchanga ukaanza kumomonyoka, kazi ya uvumilivu lakini mimi napenda kazi kama hizi, redio inaimba pembeni na wewe unasugua.

Na hapa ndo nyota tatu zilipopatikana. Mawili yalitoka bila mzizi, ni ile ncha tu yenye enameli, yaani lile gamba gumu la nje la jino, mazuri ila ya kawaida. Lile la tatu, lilelile lililogeuzwa, likatoka na mzizi wake mzima, mnene kuliko jino lenyewe, una vitundu vitundu kama mfupa. Na ubavuni mwa mzizi kuna shimo. Laini, mviringo, ncha ya kidole changu kidogo inaingia. Hapo ndipo jino jipya lilipokuwa linaanza kuota, linakula mzizi wa mkubwa wake mpaka mkubwa ang'oke! Nimekuwa nikisoma hiyo habari muda mrefu na sasa naigusa. Na fundi alikuwa ameliziba kwa mchanga, kitu kizuri kuliko vyote kwenye kipande kizima yeye kakifukia ili kitoshee kwenye taya la uongo.

Enameli nayo usiipite haraka. Ukiligeuzageuza kwenye mwanga unaona pande bapa zinashuka kutoka kwenye ncha, na kingo mbili kali, mbele na nyuma. Nyufa nyembamba zimejaa kila mahali, usiogope hizo, jino la umri huu lisilo na ufa hata mmoja ndo la kutilia shaka.

Nyota mbili nilizokata ni za tangazo. Muuzaji aandike tu "meno halisi kwenye taya la kutengeneza" na watu watanunua vilevile, mimi ningenunua. Nilimwandikia, akajibu kwa adabu kwamba "hivyo ndivyo vinavyotoka mgodini", haya.

Kwa anayetaka kuanza: acha mataya, chukua jino moja lenye mzizi, lisilo kwenye mwamba wowote, na kabla ya kulipa omba picha ya mzizi pande zote nne. Akikutumia picha ya mbele tu, ongeza macho.