TAHADHARI: jamaa wa "kurudisha boti ya faiba upya", Mtwapa na Kilifi

Wenzangu wenye boti za faiba, na nyinyi mnaochunga boti za watu kuanzia Mtwapa mpaka Kilifi, someni hii kabla hamjatoa hata shilingi. Kuna jamaa anapita na pikapu na mashine ya polishi, mdomo mtamu kweli kweli, anawinda zile boti za tanga za zamani zilizopandishwa juu, zile jua limezila mpaka ukipitisha kiganja ubavuni kinatoka na unga mweupe kama chaki. Anasema anakurudishia mng'aro wa kiwandani kwa siku moja, 45,000, nusu kwanza kwa M-Pesa.

Ujanja wake ni huu. Anachagua kipande kidogo pale omoni, anakipiga msasa wa maji, kompaundi (ile dawa ya kusugulia), polishi, kazi safi kabisa, mpaka unajiona uso. Mzee ninayemchungia boti alipoona vile akamalizia pesa yote papo hapo, mimi nimeenda mjini kufuata kamba. Kipande kile ndicho pekee kilichofanyiwa kazi, kwengine kote jamaa aliosha na sabuni kisha akapaka kitu cheupe kama maziwa kwa kitambaa, kumbe ni polishi ya sakafu ya akriliki! Jioni boti inameta, mzee anapiga picha. Mwezi haukuisha imeshageuka manjano na inabambuka, na kuitoa sasa ni kazi kuliko ile ya mwanzo. Wako watu wanapaka akriliki kwa kujua na wanairudia kila mara, hao sina neno nao, lakini usiniuzie kwa bei ya msasa.

Jirani yetu yeye alipakwa silikoni, ile ya kung'arisha dashibodi na tairi. Hiyo ni mbaya zaidi maana siku ukitaka kupiga rangi, rangi inakataa kushika, inajitenga na kuacha vitundu vitundu.

Na siku moja haitoshi jamani, boti ya futi 30 mtu mmoja? Kuosha, kutoa nta ya zamani, msasa namba 800, 1000, 1500, ndio uje kompaundi na nta, na jua la huku nta yenyewe haikai muda. Halafu jelikoti, yaani lile tabaka gumu la nje lenye rangi juu ya faiba, ni nyembamba, nusu milimita hivi, kwa hiyo akitoa grainda na msasa mkavu mkali mfukuze, kwenye kona atakufikishia faiba kabla hujamaliza chai.

Kabla ya kulipa, chukua kitambaa cheupe, tia asitoni kidogo, pangusa sehemu ambayo hakuifanyia maonyesho. Jelikoti haitoki kwa kupanguswa hivyo, akriliki italainika na kunata hapo hapo. Na ukienda kukagua boti iwe kavu, maana jelikoti iliyochoka ukiimwagia maji rangi inarudi vizuri tu, ikikauka chaki ile ile.

Anauza pia makopo ya "jelikoti ya Ulaya" lebo imebandikwa juu ya lebo, ndani imeshaanza kuganda kama uji wa jana, na hadina, ile dawa ya kugandisha jelikoti, anakupimia kwenye chupa ya maji ya kunywa bila alama yoyote. Hilo la chupa ndilo linaniudhi kuliko pesa, hadina ile ikiruka machoni inaweza kukupofusha, na mtoto anaiokota anadhani ni maji.

Namba aliyotupa haipatikani tena na nasikia ameonekana upande wa Watamu. Mwenye ujumbe wa M-Pesa aliomlipia asiufute, na kopo usilitupe, tuko kadhaa tunataka kwenda kuandikisha malalamiko polisi kwa pamoja, niandikieni inbox.