Kozi ya Jarir na al-Farazdaq: jibu wamelitenga na shairi linalojibiwa

Kozi hii ya kulipia ya mashairi ya kushambuliana ya Jarir na al-Farazdaq, washairi wa Kiarabu wa zama za Bani Umayya, nimeisikiliza yote, na kijitabu chake cha tafsiri nimekimaliza. Nina hasira.

Kijitabu kimepangwa kwa washairi: ya al-Farazdaq yote mbele, ya Jarir yote nyuma. Nakidha haisomwi hivyo! Nakidha ni shairi la kulitengua shairi jingine. Anayejibu hufungwa na bahari (yaani mizani) ileile na kina kilekile cha mwenzake, kisha humbomolea majigambo yake moja baada ya jingine. Aliyesoma majibizano ya Mombasa na Lamu enzi za Muyaka hahitaji kuelezwa. Ukilitoa jibu mahali pake, unabaki na mtu anayefoka peke yake.

Al-Farazdaq anafungua kwa kujigamba kwamba Aliyeinua mbingu amewajengea wao nyumba yenye nguzo imara na ndefu kupita zote. Bahari ni kamil, yaani mutafa'ilun mara sita kila ubeti, na herufi ya kina ni lamu, yaani L ya Kiarabu. Jarir anakuja na kamil hiyohiyo, lamu hiyohiyo, na anampokonya maneno mdomoni: Aliyeinua mbingu amewafedhehesha Mujashi', na jengo lako amelijenga shimoni, chini kabisa. Mujashi' ni ukoo wa al-Farazdaq. Pigo lote liko kwenye kwamba Mjenzi ni yuleyule. Kijitabu kinasemaje? Kwa al-Farazdaq, "Aliyeinua mbingu". Zaidi ya kurasa mia mbele, kwa Jarir, "Mola Mtukufu". Nyumba ikawa "makazi", jengo likawa "hali yako". Pigo limekufa.

Nilimwandikia mwalimu. Jibu lake: "Matusi ni matusi, ndugu yangu, hayana mpangilio." Anauza nakidha, na hilo ndilo jibu lake! Mkusanyo wa nakidha hizi wa mwanachuoni Abu Ubayda, ambao mtaalamu Bevan aliuchapisha Leiden kati ya 1905 na 1912, unaliweka shairi na jibu lake pamoja. Kazi ilikwishafanywa, walichotakiwa ni kutoipangua.

Hata hivyo, somo la Jarir dhidi ya mshairi al-Ra'i, wa kabila la Numayr, ni zuri mno, na hapo nilitaka kuyafuta yote niliyoandika juu. Msomaji anauvuta mwisho wa -aba mpaka unausikia mlango ukifungwa. Anaeleza vizuri kwamba ubeti ule maarufu hauna tusi hata moja: inamisha macho, wewe ni wa Numayr, hukuwafikia Ka'b wala Kilab. Makabila yote matatu ni uzao wa Amir bin Sa'sa'a. Kinachouma ni kushushwa mbele ya binamu zako. Kwa somo hilo nilikuwa tayari kutoa nyota tano.

Kisha nikafungua kijitabu kwenye ubeti huohuo. Kilab wameitafsiri "mbwa". Jina la kabila! Eti "hukufika Ka'b wala mbwa".

Nyota moja, ya msomaji. Kama umeshalipa, sikiliza sauti tu. Kijitabu kikate: linganisha bahari na herufi ya kina kwenye Kiarabu kilichochapwa pembeni, ubandike kila jibu chini ya shairi lake, na kila jina la kabila lirudishe kwa kalamu.