Hita ya bloku kwa injini ya dizeli kwenye baridi kali
Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda, na chuma kikiwa baridi sana hulinyonya joto hilo kabla mafuta hayajashika moto. Ndiyo maana naipendekeza kwa moyo wote hita ya umeme inayofungwa kwenye bloku (mwili mkuu wa injini wenye silinda), ambayo hupasha maji ya kupozea injini wakati gari limeegeshwa. Katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, wakati betri imepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake na oili imekuwa nzito, injini iliyopashwa kwa saa 3 hivi huwaka haraka, bila moshi mweupe mwingi na bila kuitesa stata, yaani mota ya kuwashia injini. Kuiacha hita ikiwaka usiku kucha ni kupoteza umeme, hivyo inafaa kununua pia swichi ya saa ya kuiwasha kwa muda uliopangwa, ambayo mara nyingi, kwa bahati mbaya, huuzwa kando. Kasoro kubwa ya hita ni kwamba joto lake halifiki kwenye tangi wala kwenye filta, ambako nta iliyomo ndani ya dizeli huganda na kuziba njia. Mafuta ya msimu wa baridi bado ni ya lazima.