Feni ya maji kwenye ukumbi wa jamii: uzoefu wangu baada ya kiangazi kizima

Mimi ndo nashika funguo za ukumbi wetu wa jamii kwa hiyo joto likizidi lawama zote zinakuja kwangu, na kiangazi hiki tukaamua tuache kulalamika tununue kitu. Tukachukua zile feni kubwa za maji, zenye tanki chini na pedi za karatasi ngumu pembeni, mbili, za magurudumu. Wapo waliotaka kiyoyozi na mpaka leo wanataka, hao nitawafikia.

Kwa asiyejua inavyofanya kazi, kuna kapampu kanapandisha maji juu, yanachuruzika kwenye pedi, feni inavuta hewa ya nje ipite kwenye zile pedi zilizolowa, maji yakikauka yanaondoka na joto la ile hewa, ndo inaingia ndani imepoa. Jasho mwilini linafanya kazi hiyohiyo. Na usiichukulie poa, lita moja ya maji ikikauka yote inaondoka na joto la kama kilojuli 2,400, kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ndo kipimo cha nguvu ya kupoza) kinahitaji dakika 11 hivi kuondoa joto hilo, halafu hii mashine yenyewe inakula umeme wa feni na kapampu tu basi. Zetu zote mbili zikiwaka hazifiki hata kilowati moja.

Sasa kilichotutesa kiangazi chote ni madirisha. Kuna mzee wetu mmoja anapenda kukaa mbele, mtu mwema sana, ila akiona dirisha wazi na mashine inawaka hatulii, ananyanyuka analifunga, "jamani baridi yote inatoka nje!" Kwa kiyoyozi mzee angekuwa sahihi kabisa. Kwa hii ni kinyume, kwa sababu inaingiza hewa yenye unyevu muda wote na ile hewa lazima ipate pa kutokea, usipoipa njia unyevu unajaa ndani, na hewa ikishiba unyevu maji kwenye pedi hayakauki tena, hapo umebaki na feni ya kawaida inayopiga kelele. Utajua tu yamefungwa hata kama hujaangalia, karatasi za ratiba zinalegea mkononi, sakafu ya vigae inaanza kuteleza pale karibu na mashine, watu wanajifuta shingo na jasho linarudi palepale. Fungua, subiri kidogo, hali inabadilika yenyewe.

Na watu wenyewe ni hita, hilo wengi hawalifikirii. Mtu mzima aliyekaa tu anatoa joto la kama wati 100, ukiweka watu 80 una kilowati 8 ndani ya chumba kabla hujahesabu jua, na kila mmoja anapumua unyevu juu yake. Ndo maana ukumbi ukiwa mtupu unaona mashine ni ya ajabu, mkutano ukijaa unaanza kuitilia shaka.

Mkao tuliokuja kuridhika nao ni huu: mashine zinakaa mlangoni upande wa kivuli, mgongo umetazama nje ili zivute hewa ya nje, halafu tunafungua madirisha ya ukuta wa pili tu, yale ya kando ya mashine tunayafunga, hewa inalazimika kukatiza juu ya watu wote ndipo itoke. Ukiiweka katikati ya ukumbi, maana kuna watu wanapenda iwe katikati ionekane, inazungusha hewa ileile yenye unyevu na hamna mnachopata.

Tukija kwenye ubaridi wenyewe, inategemea hewa ya nje ilivyo siku hiyo, hapa ndo watu wanapigwa na matangazo. Siku ya nyuzi 35 yenye unyevu wa asilimia 30 mashine nzuri inaweza kukutolea hewa ya nyuzi 24 au 25, hiyo ni raha kabisa. Siku ya nyuzi 35 hizohizo lakini unyevu asilimia 70, hata pedi ziwe mpya utapata kama 31, na hewa nzitonzito juu yake. Kwetu kiangazi ni kikavu kwa sehemu kubwa kwa hiyo tumefaidi, ila zile siku za mawingu ya mvua isiyonyesha tulikuwa tunazima pampu tunaacha feni peke yake, na siku hizo wale wa kiyoyozi walikuwa wananiangalia tu. Siwezi kuwabishia. Mkikaa sehemu yenye fukuto la unyevu mwaka mzima msinunue hii kitu.

Barafu kwenye tanki nayo niiseme maana kila mtu anakuja na huo ushauri. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inachukua kilojuli 334 tu, linganisha na zile 2,400 za lita moja inayokauka. Mnajichosha kubeba barafu bure, bora mbebe maji.

Kelele zipo. Kwenye spidi ya juu mzungumzaji asiye na maiki hasikiki nyuma, tunapoza ukumbi kwa nguvu kabla watu hawajafika halafu tunashusha spidi mkutano ukianza. Maji nayo yanaisha haraka kuliko unavyodhani, na likiisha tanki katikati ya kikao mashine inaanza kupuliza joto, lazima awepo mtu wa kuangalia.

Usafi ndo pabaya zaidi kama hamna mtu wa kudumu. Maji yakilala tankini yanatoa harufu na ukumbi mzima unanuka, na sio harufu tu, maji ya uvuguvugu yaliyotuama, kati ya nyuzi 20 na 45, ndo yanapendwa na bakteria wa Legionella wanaoleta homa ya mapafu. Sisi kabla ya kufunga ukumbi tunazima pampu, tunaacha feni ikaushe pedi, tunamwaga tanki lote. Chokaa nyeupe inayoganda kwenye pedi tunaitoa kwa siki iliyochanganywa na maji, ikizidi pedi inabadilishwa.

Kitu ambacho mashine haitatui ni bati. Jua la mchana likishachoma paa lile joto linashuka moja kwa moja kichwani hata hewa ikiwa imepoa, watu wa katikati ya ukumbi walikuwa wanalalamika wakati upepo unawapiga usoni. Tulipopaka paa rangi nyeupe na kuanza kufungua madirisha yote alfajiri mpaka jua likolee, malalamiko yakapungua sana, na kusema kweli ningeanza na rangi ndo nije kwenye mashine kama hela ingekuwa ya kimoja tu.

Kwa hiyo naipa nne kwa tano kwa sehemu kavu, moja kwa sehemu ya unyevu. Na kabla hamjalipa muulizeni muuzaji kama pedi zake anaziuza pekee, maana zipo mashine ambazo pedi ikichoka huipati popote na mashine nzima inaenda stoo.