Magofu ya Ngome ya Dürnstein, Austria: Yanafaa Kupandiwa?

Haya watazamaji, leo tunachambua magofu ya ngome ya Dürnstein, katika bonde la Wachau, kilomita 80 hivi kutoka Vienna. Kuingia ni bure, na hakuna saa ya kufunga.

Anzieni geti la mashariki la mji, Kremser Tor. Kutoka hapo hadi juu ni dakika 20 mpaka 30 za kupanda mawe na ngazi zisizolingana. Sasa angalieni ukuta huu pembeni: unatoka mjini, unakwea mwamba, unaungana na ngome. Mji na ngome vililindwa na ukuta mmoja, na kwetu sisi hili ndilo la kuvutia kuliko yote. Wengi wanaupita bila kuugusa, wanakimbilia kupiga picha ya mto Danubi ulio chini.

Wengine wanakuja kwa ajili ya Mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza. Alikamatwa karibu na Vienna Desemba 1192, akitoka Vita vya Msalaba, akafungwa hapa hadi mwaka 1193. Sehemu ya fedha ya kumkomboa ndiyo iliyojengea mji wa Wiener Neustadt. Ila msipande mkitarajia kuoneshwa chumba chake, maana jeshi la Sweden liliivunja ngome mwaka 1645. Kilichobaki ni kuta nene, matao, na kanisa dogo lisilo na paa.

Viatu: vaeni vyenye soli ya meno yanayoshika vizuri. Mawe ya njia yamesuguliwa na miguu ya watu mpaka yanang'aa, na mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni. Ajali huja wakati wa kushuka, kwa sababu uzito wote unaangukia mguu wa mbele na vidato havina kimo kimoja. Kwa hiyo pandeni huku, mshukie Eselsteig, njia ya punda: ni ndefu zaidi lakini mteremko wake ni wa taratibu. Kigari cha mtoto kiacheni chini, mtoto abebwe mgongoni, tena ashikwe mkono mkifika juu, kwani kingo nyingine hazina kizuizi.

Bebeni maji, juu hakuna duka wala choo. Na wahini asubuhi: msimu wa kiangazi, meli za mto Danubi zikishatia nanga, njia hii nyembamba inajaa, na kupishana penye ngazi kunakuwa kazi.