Uzoefu wangu: miezi minane ya kusoma vijitabu vya kejeli za ngono vya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza

Kwa muda wa miezi minane nimekuwa nikitumia huduma mbili kwa pamoja: hifadhidata ya kulipia yenye picha za machapisho ya Uingereza ya karne ya 17, ambayo naipata kupitia maktaba ya chuo, na maandishi ya mradi wa EEBO-TCP, unaonakili vitabu vya kale vya Kiingereza kuwa maandishi yanayoweza kutafutwa, ambao tarehe 1 Januari 2015 uliachia umma bure vitabu vipatavyo 25,000 vilivyochapwa upya neno kwa neno. Nilikuwa na swali moja tu, nalo ni kwa nini watu waliokuwa wakiuana kwa ajili ya mfalme na Bunge walitumia wino mwingi kiasi kile kuzungumzia vitanda vya wapinzani wao.

Hazina kubwa ya huduma hizi ni mkusanyo wa George Thomason, muuza vitabu wa London aliyekuwa na duka katika uwanja wa kanisa la St Paul's, ambaye kati ya 1640 na 1661 alijikusanyia machapisho yapatayo 22,000. Alianza wakati mwafaka, kwa maana mwaka 1641 Star Chamber, mahakama ya mfalme iliyosimamia udhibiti wa uchapaji, ilifutwa, udhibiti huo ukaporomoka, na kila mwenye la kusema akaweza kulitoa kwa bei ndogo mitaani.

Kijitabu kilichonishika kuliko vyote ni ombi la wakunga kwa Bunge, la mwaka 1643. Kwa umbo ni ombi kama maombi mengine yaliyokuwa yakimiminika Bungeni wakati huo, lakini ni la kubuni: wakunga wanalalamika kwamba zamani walilipwa vizuri na kuheshimiwa parokiani kwa bidii yao ya usiku wa manane, na sasa biashara imekufa kwa sababu waume wamekwenda vitani na wake hawashiki mimba. Nilicheka niliposoma mara ya kwanza. Niliporudia nikaona kwamba chini ya mzaha huo wa chumbani kuna hesabu ya maiti, kwani kila mtoto asiyezaliwa ana baba aliyelala katika shamba fulani la vita, na mwandishi amepata njia ya kulaumu pande zote mbili bila kumtaja jemadari hata mmoja.

Hapo ndipo swali langu lilipoanza kupata jibu. Kwa watu wa zama zile, nyumba ilikuwa dola ndogo, na mwanamume aliyeshindwa kumtawala mkewe hakustahili kutawala nchi. Ndiyo maana baada ya mapigano ya Naseby, mwaka 1645, ambako jeshi la mfalme lilishindwa, Bunge lilichapisha barua za mfalme Charles I kwa mkewe, malkia Henrietta Maria ili watu wamwone mfalme anayeongozwa na mke. Upande wa mfalme nao ulilipiza, na baada ya mfalme kukatwa kichwa, John Crouch alitoa gazeti la kila wiki, The Man in the Moon, la 1649 hadi 1650, lililowachora wakuu wa Bunge kuwa wazinzi au waume wa wanawake wazinzi. Mbunge Henry Marten alikuwa shabaha ya kudumu ya dhihaka za namna hii.

Msomaji wa Kiswahili atakutana na pembe kila mahali. Kwetu aliyeota mapembe ni mwenye kiburi. Kwa Waingereza wale, pembe kichwani zilikuwa alama ya mume aliyesalitiwa na mkewe. Mimi mwenyewe nilipotoka kwa wiki nzima kabla ya kulitambua hilo.

Kuhusu ubora, maandishi ya bure ni mazuri sana kwa kutafuta maneno, mradi ujaribu tahajia zote, kwa kuwa neno moja la matusi huandikwa kwa namna tatu au nne. Hata hivyo huwezi kuyategemea peke yake. Thomason aliandika kwa mkono wake tarehe kwenye kurasa nyingi za mbele, na tarehe hiyo unaiona kwenye picha. Ni muhimu kwa sababu mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi, hivyo chapisho la Februari 1649 linaweza kubeba mwaka 1648, na ukichuja kwa mwaka utalikosa.

Malalamiko yangu ni juu ya hifadhidata ya kulipia. Picha zimetokana na maikrofilamu, baadhi ya michoro iliyochapwa kwa vibao vya mbao imegeuka madoa meusi, na barua zangu mbili za kuomba msaada hazikujibiwa.

Jambo moja limeniumiza katika usomaji huu. Aprili 1649 wanawake wa London walipeleka Bungeni ombi la kweli la kutaka viongozi wa Levellers, kundi lililodai usawa wa kisiasa, wafunguliwe gerezani, wakaambiwa warudi nyumbani wakaoshe vyombo, na magazeti yakawafanyia mizaha ileile ya chumbani. Miaka mingi ya maombi ya kubuni, kama lile la wakunga, ilikuwa imewazoesha wasomaji kucheka kila mwanamke anaposhika karatasi mbele ya Bunge. Kwa hiyo nawashauri watakaojiunga na huduma hizi wasome maombi hayo mawili kwa mfululizo, la 1643 kwanza na la 1649 baadaye, kila moja kwa maandishi na kwa picha.