TAHADHARI: Tapeli wa nishani za Kiitaliano amenilia shilingi 33,500

Naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, na aibu ndiyo iliyonichelewesha wiki tatu. Wanaonijua wanajua ninavyojigamba kwamba hakuna wa kuniuzia sarafu bandia. Chekeni kwanza, mkimaliza msome.

Hadithi ya babu na Mwitaliano wake wa Mai Mahiu, yule mateka wa Vita vya Pili vya Dunia aliyeletwa Kenya, mmeisikia hadi mkaichoka, sitairudia. Nilichokuwa nikitafuta ni ukoo wa yule mtu na kijiji alikotoka, basi. Nikauliza huku na kule, na jioni ya siku hiyo hiyo jamaa akanitafuta. Mkenya mwenzetu, anaishi Italia, kazi yake kufukua faili za askari wa zamani. Nikamweleza yote. Jina moja alilokuwa akilitaja babu, nikampa. Vita vya Cheren, kule Eritrea, nikamtajia. Kambi ya mateka ya Nanyuki, nikamtajia. Nilimkabidhi kamba na shingo yangu.

Siku nne baadaye, Ijumaa saa mbili usiku, niko jikoni, chai imepoa mbele yangu. Simu ikalia. Picha: nishani ya shaba, utepe wa mistari ya kijani, nyeupe na nyekundu. Upande mmoja mfalme amevaa helmeti, upande wa pili mwanamke mwenye mabawa amebebwa juu ya ngao za askari. Picha ya pili ameipiga kwa karibu, ukingoni pamechongwa jina. Lile lile alilokuwa akilitaja babu, na ukoo juu yake, na "Cheren 1941". Nilimwita mke wangu kwa sauti akadhani nimeungua. Machozi yalinitoka, sifichi.

Nikauliza yale maneno yaliyo kwenye nishani, CONIATA NEL BRONZO NEMICO, maana yake nini. Akajibu papo hapo: "Aliyesimama imara mbele ya adui." Na hii 1915-1918 upande wa mfalme? "Kaka, hiyo ni miaka nishani ilipoanzishwa, kama beji ya shule." Nikaridhika! Mimi, mwalimu wa miaka kumi na tisa. Shule gani inaanzishwa kwa miaka mitatu, sikujiuliza.

Msinione mjinga kabisa. Huyu mtu alikuwa anajua mambo. Alinieleza jinsi Duke wa Aosta, mkuu wa majeshi ya Italia Afrika Mashariki, alivyosalimu amri Amba Alagi, Ethiopia, Mei 1941, akafia Nairobi Machi 1942, na kwamba kaburi lake liko hapa hapa Nyeri. Alimjua Felice Benuzzi, mateka wa Kiitaliano, na wenzake wawili waliotoroka kambi ya Nanyuki Januari 1943, wakaupanda Mlima Kenya, kisha wakarudi kambini wenyewe. Na alinivisha kilemba cha ukoka: eti katika wateja wake wote hajapata mtu anayeijua historia kama mimi. Nani hapo angeshuku?

Basi nikalipa. 18,500 za nishani. Halafu 9,000 za karatasi ya utumishi, ile Waitaliano wanayoiita foglio matricolare. Halafu 6,000 za "muhuri wa makao makuu Roma". Nishani ilifika kwa basi ikiwa ndani ya kijaluba cha hereni. Karatasi ilikuja kwa simu: alizaliwa 1917, akaandikishwa 1938, akatekwa Cheren Machi 1941, akaletwa Kenya. Niliichapisha nikaitia kwenye fremu. Fremu nayo pesa.

Nikaibeba kwa majivuno hadi kwa padri mmoja mzee, Mwitaliano, nikitaka anisomee vizuri. Akaigeuza nishani mara moja tu. "Mwanangu, hapa pameandikwa kwamba imetengenezwa kwa shaba ya adui." Yaani shaba iliyotekwa kwa adui katika Vita vya Kwanza. Ni nishani ya ukumbusho iliyoanzishwa 1920, wakapewa askari chungu nzima, na ilitolewa bila jina. Akaniuliza kama huyu wa 1917 alipigana akiwa mgongoni kwa mama yake. Kisha akaitazama karatasi. Juu imeandikwa Repubblica Italiana, yaani Jamhuri ya Italia, ya mwaka 1938! Italia ilikuwa na mfalme hadi 1946. Nilitamani ardhi ipasuke.

Huyu mtu anastahili kufungwa. Si faini, kifungo, na kila asubuhi asomewe majina ya wazee aliowachezea. Pesa nitatafuta nyingine, lakini amechukua kumbukumbu ya babu yangu akanirudishia ikiwa imechongwa. Nimeandikisha taarifa polisi, namba ya OB (kitabu cha matukio) ninayo. Mliopigwa pia jitokezeni, mmoja tayari amenipigia, yeye ameliwa zaidi yangu.

Ya kuangalia, kwa haraka, maana nimechoka. Anasema yuko Italia lakini pesa zinaingia kwenye namba ya hapa. Nishani za Kiitaliano za kushiriki vita kwa kawaida hazina jina, kwa hiyo jina tupu si ushahidi, yeyote mwenye kifaa anachonga. Karatasi halisi ina majina ya baba na mama na namba ya askari, na imejazwa miaka tofauti na makarani tofauti, yangu ina mwandiko mmoja kama barua ya mapenzi. Wala hazikai Roma zote, ziko Archivio di Stato, yaani hifadhi ya nyaraka za serikali, ya mkoa alikoandikishwa askari, zimepangwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Unaweza kuwaandikia mwenyewe, padri amenisaidia kuandika. Kuhusu mateka kuna Msalaba Mwekundu, Geneva.

Jina lililochongwa sitaliweka hapa, huenda ni la mtu wa kweli. Ila herufi zake zinang'aa, na ile G ina mkia uliojikunja, sawasawa na kwenye vikombe vya riadha tunavyogawa shuleni. Fundi anayechonga hivyo yuko mjini humu humu. Anayemjua anipigie, nataka kuona nani alimpelekea kazi.